Upepo wa tairi: maswali yenu na majibu yangu

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, upepo wa tairi, kwa hiyo nimeamua ukurasa wote twende na hilo tu, maswali ya giaboksi na ya injini kuchemsha yatasubiri zamu ijayo msinikasirikie. Na niseme mapema, hili jambo napenda sana kulisemea manake nimeona watu wakiumia kwa kitu ambacho kukipima ni dakika tano tu na wala hakihitaji fundi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari dogo la kutembelea, huu ndo mwaka wangu wa kwanza kumiliki gari. Kila nikienda kuongeza upepo kijana wa pale ananiuliza tuweke ngapi, mi sijui, namwambia weka inayotosha. Juzi nikachuchumaa nikaangalia pembeni ya tairi nikakuta imeandikwa max 44 psi. Je ndo niwe nawaambia waweke hiyo 44?

JIBU: Marahaba. Hapana, usiweke 44, na nashukuru umeuliza kabla hujaweka.

Hiyo namba ya ubavuni ni kikomo, yaani aliyetengeneza tairi anakwambia hapa usipitilize, hajasema hapa ndo pazuri. Hebu fikiria, aliyetengeneza tairi hajui litaenda kufungwa kwenye gari gani, saizi ileile moja inaweza ikakaa kwenye gari jepesi la watu wanne na ikakaa pia kwenye gari zito lenye injini kubwa mbele, sasa atajuaje we unahitaji ngapi? Anayejua ni aliyetengeneza gari, manake ndo aliyelipima uzito mbele na nyuma, na yeye ameshakuandikia. Fungua mlango wa dereva halafu angalia kwenye nguzo, pale mlango unapojifunga, kuna stika ndogo. Usipoiona hapo angalia ubavu wa mlango wenyewe, au ndani ya kile kifuniko cha kujazia mafuta, magari mengine imewekwa hapo, na kitabu cha gari nacho kinayo.

Kwenye stika usishtuke ukikuta imeandikwa 220 au 2.2 badala ya psi, kile kipimo cha presha ulichokiona kwenye tairi. Ni kitu kilekile kwa vipimo tofauti, 220 ni kilopaskali, 2.2 ni ba, na zote ukizigeuza unapata kama psi 32. Ikiwa 240 ni kama psi 35, ikiwa 250 ni kama 36. Ba moja ni psi 14.5, ukishika hiyo tu nyingine unapiga hesabu kwenye simu. Na angalia vizuri, mara nyingi mbele na nyuma hazilingani, usije ukaambiwa weka thelathini na mbili zote nne ukakubali wakati gari lako nyuma linataka 35.

Sasa ukijaza 44 kwenye gari linalotaka 32 inakuwaje? Tairi linavimba katikati, sehemu inayogusa barabara inakuwa ndogo, mvua ikinyesha mshiko unapungua na breki inachelewa kushika, kashata za katikati, yaani zile nundu za mpira zinazokanyaga barabara, zinaisha upesi wakati za pembeni bado mpya, na ukiingia kwenye shimo tairi halikunji kumeza ule mshtuko kwa hiyo kinachoumia ni rimu na vitu vya chini. Gari lenyewe linakuwa linarukaruka mpaka unachoka mgongo. Kuanzia leo namba yako iandike kwenye karatasi ubandike karibu na usukani, akikuuliza kijana umtajie.

SWALI: Fundi mi nimenunua geji ya kupimia upepo yangu mwenyewe baada ya kusoma majibu yako ya nyuma. Asubuhi nilipima nikapata 33, nimeendesha kwenda kazini kama nusu saa nikapima tena nikapata 37. Geji ni mbovu au? Na je nipunguze hizo 4 zilizozidi?

JIBU: Geji nzima kabisa, na tafadhali usipunguze kitu. Ukipunguza hapo ndo unaharibu.

Tairi likitembea linapata moto, upepo uliomo ndani unapata joto, na upepo ukipata joto unataka kutanuka ila hauna pa kwenda, kwa hiyo presha inapanda. Kupanda psi 4 mpaka 6 baada ya mwendo ni kawaida na waliotengeneza gari wanalijua hilo, ndo maana namba ya kwenye stika ni ya tairi la BARIDI. Ukishusha ikiwa ya moto mpaka ifike 33, kesho asubuhi limepoa utakuta liko 29 na we unajua moyoni kwamba jana umeweka sawa. Watu wengi wanatembelea tairi legelege kwa mtindo huu bila kujua.

Baridi maana yake gari limekaa angalau masaa matatu bila kutembea, au limetembea chini ya kilomita mbili hivi tena taratibu. Asubuhi kabla hujatoka ndo wakati mzuri, na jua nalo liwe halijapiga upande mmoja, manake tairi zilizoanikwa juani zinasoma juu kuliko za kivulini hata kama gari halijawashwa tangu jana. Hali ya hewa pia inahesabika, kila joto likishuka nyuzi 10 presha inashuka kama psi moja na nusu hivi mpaka mbili, kwa hiyo msimu wa baridi ukiingia usishangae tairi zote nne zimeshuka pamoja wakati hamna pancha.

Ila kuna yule ambaye pampu iko mbali na kwake, akifika tairi limeshapata moto, afanyeje? Apime nyumbani asubuhi likiwa baridi aandike kila tairi limepungukiwa ngapi, akifika kwenye pampu aongeze hizohizo zilizopungua juu ya ile atakayoisoma pale. Mfano nyumbani tairi limesoma 28 na linatakiwa 32, linapungukiwa 4. Ukifika pale likasoma 31 wewe jaza mpaka 35. Kesho asubuhi ukipima utalikuta kwenye 32 au karibu yake sana.

SWALI: Habari za kazi. Mimi mama nina gari la kupelekea watoto shule. Nimezoea kuangalia tairi kwa macho na kulipiga teke kidogo, likiwa gumu naondoka. Mume wangu anasema hiyo siyo kupima. Kama siyo, naomba unielekeze kupima mwenyewe hatua kwa hatua kwa sababu vifaa vya gari vinanipa woga.

JIBU: Nzuri mama, karibu. Mumeo kasema kweli ila wala usijisikie vibaya, hata watu walioendesha miaka ishirini wanapiga teke. Tairi za siku hizi ubavu wake ni laini kwa asili, hata likiwa na upepo kamili linaonekana limebonyea kidogo chini, na kati ya 32 na 24 jicho la mtu haliwezi kuona tofauti, lakini kwenye barabara hiyo ni robo nzima ya upepo imeondoka. Ukiona kwa macho kwamba limekaa chini ujue limeshakaa hivyo siku nyingi. Na ugumu wa kusikia kwa mguu ni ugumu wa mpira wenyewe.

Geji ziko za namna tatu, kuna ya kama kalamu inayotoa kijiti chenye namba, kuna ya mshale kama saa, na kuna ya dijitali inayoandika kwenye kioo kidogo. Mi nakushauri ya mshale au ya dijitali manake kusoma ni rahisi, na iwe YAKO, ikae kwenye gari. Zile za kwenye pampu za watu zinadondoshwa chini mara mia kwa siku, zinakanyagwa, mbili zilizo jirani zinaweza zikakupa majibu mawili tofauti. Ya kwako hata kama inakosea kwa psi moja, itakosea vilevile kila siku na utajua mwenendo wa tairi zako.

Kupima kwenyewe sasa. Kwenye kila gurudumu kuna kijimpira kimechomoza chenye kifuniko, hiyo ndo vavu. Fungua kifuniko kwa vidole ukiweke mfukoni, nasema mfukoni kwa sababu ukikiweka chini kitapotea na kifuniko kile ndo kinazuia vumbi na maji kuingia kwenye kisindano cha ndani, wengi wanatembea bila kifuniko halafu wanajiuliza kwa nini upepo unapungua. Halafu chukua geji uikandamize moja kwa moja kwenye vavu, kwa nguvu na kwa haraka, isiwe upande. Mwanzoni utasikia tsss, huo ni upepo unatoka kwa sababu haijakaa sawa, usiogope, haiwezi kupasuka wala kukurukia, ikandamize vizuri na tsss itakata. Soma namba. Rudia mara ya pili, zikilingana umemaliza, zikipishana rudia ya tatu. Kama imezidi, geji nyingine zina kitu chembamba kwa nyuma, kwa hicho au hata kwa kucha ya kidole unabonyeza kile kisindano cha katikati upepo utoke kidogokidogo, unapima tena. Imepungua, unaongeza. Rudisha kifuniko. Tairi nne hazizidi dakika tano na mtoto wako mkubwa anaweza akawa anakuandikia namba kwenye daftari, watoto wanapenda sana kazi hiyo.

Fanya hivyo mara moja kwa mwezi na kila kabla ya safari ndefu. Mwezi mmoja kwa sababu hata tairi zima lisilo na tatizo lolote linapoteza kama psi 1 kwa mwezi, upepo unapenya wenyewe kwenye mpira pole pole. Miezi sita bila kupima unaweza ukawa umepoteza 6 na hakuna mtu aliyekuibia.

SWALI: Mkuu tairi langu la mbele kushoto kila baada ya siku nne tano linashuka mpaka 22, najaza naendelea. Nimezoea. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, usilizoee. Zingine tatu zikikaa na hiyo moja ikashuka ujue kuna mahali panavuja. Chukua maji ya sabuni yenye povu, jaza tairi, mwagia taratibu kwenye vavu, kwenye kashata pote, na pale mpira unapokutana na rimu pande zote mbili, pa ndani pia. Panapotoa mapovu ndo penyewe. Mara nyingi ni msumari mdogo ambao umejiziba wenyewe kwa hiyo unavuja polepole, au kisindano cha vavu kimechoka, hicho ni kitu kidogo kinabadilishwa dakika mbili, au rimu imeshika kutu au imepinda baada ya kuingia shimoni. Ukiona msumari usiuchomoe hapo nyumbani kama huna spea iliyojaa.

Ikiwa ni pancha ya kwenye kashata na tundu halizidi milimita 6 inazibika, na njia ya uhakika ni ile ya kulivua tairi kwenye rimu likazibwa kwa ndani, siyo ile ya kuchomeka utambi kwa nje tu na kuondoka, hiyo ya nje ichukulie ni ya kukufikisha kwa fundi. Faida nyingine ya kulivua ni kwamba fundi anaona ndani kama limeshaungua. Tairi lililotembea siku nyingi kwenye 22 mara nyingi ndani lina vumbi jeusi la mpira uliosagika, na likiwa hivyo hata ukiziba hilo tundu tairi lenyewe limekwisha. Pancha ya ubavuni haizibwi. Najua kuna watu wanaziba, wanashona kabisa, mi siwezi kukushauri hivyo maana ubavu ndo unakunjwa kila wakati na hakuna kiraka kinachovumilia.

SWALI: Fundi habari za siku nyingi. Mwisho wa mwezi tunasafiri familia, gari la watu saba limejaa na mizigo nyuma na juu, kama kilomita 600. Shemeji yangu ameendesha magari miaka mingi, anasema nipunguze upepo kidogo kabla ya kuondoka kwa sababu joto la njiani litauongeza lenyewe, nisipopunguza tairi litapasuka. Mke wangu anasema tuache kama ilivyo siku zote. Nani yuko sahihi hapo?

JIBU: Nisamehewe na wote wawili, hapo hamna aliye sahihi, na shemeji ndo yuko mbali zaidi. Swali lako nalijibu kwa urefu kwa sababu imani hii ya kupunguza upepo safari ndefu nimeikuta kila mahali, mi mwenyewe nilifundishwa hivyo nikiwa kijana gereji na nimewapunguzia watu upepo kwa mikono yangu nikijua nawasaidia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kinachobeba gari lako ni upepo, mpira kazi yake ni kuushika ule upepo usitoke. Pembeni ya tairi baada ya saizi kuna namba, mfano 91, hiyo maana yake tairi hilo linaweza kubeba kilo 615, lakini linazibeba likiwa limejazwa kama inavyotakiwa, upepo ukipungua na zile kilo zinapungua. Sasa we siku ambayo umeongeza watu na mabegi ndo siku hiyohiyo unapunguza anayebeba.

Pili hilo joto linatoka wapi? Watu wanadhani linatoka kwenye lami tu. Lami ipo lakini joto kubwa linatengenezwa na tairi lenyewe kwa kukunjika. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua harakaharaka mahali pamoja, utasikia panaungua vidole, na ukiendelea panakatika. Tairi ni hivyohivyo. La gari dogo likizunguka mara moja linasogea kama mita 2, kwa hiyo kilomita moja ni kama mizunguko 500, na kwenye mwendo wa 100 ni kama mizunguko elfu 50 kwa saa moja, na kila mzunguko ule ubavu unakunjwa ukifika chini na kunyooka ukipanda juu. Likiwa na upepo kamili linakunjika kidogo, likiwa legelege linakunjika sana, likibebeshwa mzigo juu ya ulegevu linakunjika zaidi, na joto linapanda mpaka mpira unaanza kuachana na nyuzi na waya zilizomo ndani. Hapo ndo unasikia mlio kama bomu. Mtu anasema limepasuka kwa kujaa kumbe limepasuka kwa upungufu. Ile psi 4 mpaka 6 inayoongezeka njiani haina shida yoyote na tairi zima, ilishahesabiwa tangu kiwandani.

Kuna gari nililoletewa likiwa linavutwa, la nyuma kushoto lilikuwa limebaki rimu na vipande. Baba mwenye gari aliniambia limepasuka ghafla, lilikuwa zima kabisa, na nilimuamini kwamba ndivyo alivyoona. Nikapima lile la kulia ambalo halikupasuka, limeshapoa, nikapata 21. Stika ya mlango wake ilikuwa inataka 36 nyuma akiwa amejaza watu. Nikalivua na lenyewe, ndani limejaa lile vumbi jeusi, lilikuwa linafuata. Familia walipona wote, mtoto mmoja alivunjika mkono, na yule baba alikaa kwenye benchi langu muda mrefu hasemi kitu. Tangu siku hiyo sijawahi kumpunguzia mtu upepo kwa ajili ya safari.

Sasa we fanya hivi. Rudi kwenye stika ya mlangoni, mengi ya magari yana safu mbili, moja ya watu wachache na nyingine ya gari lililojaa watu na mizigo, ile ya pili namba ya nyuma inakuwa juu, mara nyingine kwa psi 4 au 5 au zaidi. Jaza hiyo, asubuhi, tairi likiwa baridi, ndo maana nimesema hata mkeo hayuko sahihi kwa kuacha kama siku zote. Ukifika na kupakua mizigo utarudisha ya kawaida. Angalia na uzito wa jumla, stika hiyohiyo huwa inaandika kilo zinazoruhusiwa, magunia juu ya keria hayana upepo wa kuyatosha kama umepita hapo. Njiani mkisimama kula weka kiganja karibu na kila tairi bila kugusa kwanza, likiwepo moja lenye moto kuliko wenzake hilo lina upungufu au breki inashika, usiondoke mpaka ujue ni lipi kati ya hayo.

Na ikitokea limepasuka ukiwa kwenye mwendo, Mungu apishe mbali, mguu usikimbilie breki. Shika usukani kwa mikono miwili ulinyooshe gari, achia mafuta polepole, liache lipungue lenyewe, likishatulia ndo unatoka taratibu pembeni. Breki ya ghafla kwenye tairi lililopasuka ndo inapindua gari. Waambie na wengine watakaopokea usukani njiani.

SWALI: Kwenye dashibodi kuna taa ya njano kama kiatu cha farasi yenye alama ya mshangao katikati. Imewaka wiki ya pili. Tairi zinaonekana sawa tu. Niizime vipi?

JIBU: Usiizime, ijibu. Hiyo ni taa ya upepo na inakwambia kuna tairi limepungua. Pima zote nne kwa geji na spea pia, magari mengine spea nayo ina sensa, kile kifaa kinachohisi upepo umepungua.

Hizi sensa zina historia ya uchungu. Mwaka 2000 Marekani yalirudishwa matairi ya Firestone milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya ajali nyingi za matairi kuchanika yakiwa kwenye mwendo, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyokuja kulazimisha magari madogo yote mapya kule yawe na taa hiyo kuanzia Septemba 2007, na Ulaya wakafuata, magari madogo mapya yote kuanzia Novemba 2014. Kwa hiyo hiyo taa imewekwa hapo kwa damu za watu.

Lakini ujue na udhaifu wake. Kwa viwango vya Marekani inatakiwa iwake tairi likishapungua kwa asilimia 25, yaani kwenye gari la 32 inaweza ikanyamaza mpaka 24. Kwa hiyo taa kutowaka haimaanishi uko sawa. Halafu ziko za aina mbili, moja ina sensa ndani ya kila gurudumu inayopima presha yenyewe, na hiyo ina betri ndogo ambayo baada ya miaka mitano mpaka kumi hivi inakufa. Nyingine haipimi upepo kabisa, inatumia sensa za ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, kuangalia kama kuna gurudumu linazunguka haraka kuliko wenzake, manake tairi lililopungua linakuwa dogo kidogo. Hiyo ya pili ukimaliza kujaza lazima uiseti upya kwenye dashibodi, kitabu kinaeleza, la sivyo itaendelea kulinganisha na hali ya zamani. Na usiseti kabla hujajaza, utakuwa umeifundisha kwamba tairi legelege ndo sawa. Ikiwa ukiwasha gari inapepesa kama dakika moja halafu inabaki imewaka, hapo ni mfumo wenyewe una hitilafu, lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine.

SWALI: Nimeambiwa niache upepo wa kawaida nijaze naitrojeni, eti haipungui na haipati moto. Ni kweli au biashara?

JIBU: Kuna ukweli kidogo na biashara nyingi. Hewa tunayovuta tayari asilimia 78 ni naitrojeni, kwa hiyo hata sasa tairi zako zimejaa hiyo. Naitrojeni tupu inapungua polepole zaidi kidogo na haina unyevu, ndo maana ndege na magari ya mashindano wanatumia. Lakini ikipata joto inapanda presha kama upepo mwingine, na kupima kila mwezi kuko palepale. Wakikupa bure chukua, na ukishajaza hiyo halafu siku moja ikapungua mahali ambapo haipo, ongeza upepo wa kawaida bila wasiwasi, havigombani.

SWALI: Tairi zangu za mbele zimeisha pembeni pande zote mbili katikati bado nzuri. Fundi mmoja kaniambia alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawa. Na mafuta naona yanakwenda sana siku hizi, yanahusiana?

JIBU: Zikiisha pande zote mbili na katikati ikabaki, kitu cha kwanza cha kushuku ni upepo mdogo wa muda mrefu, linakanyaga kwa mabega. Zikiisha katikati ni upepo mwingi. Ikiisha upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, hapo ndo unakwenda alaimenti. Pima kwanza kabla hujalipia kitu kingine. Na mafuta ndiyo yanahusiana, tairi legelege ni zito kusukuma, hesabu inayotumika sana ni kwamba kila psi 1 ikipungua kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta, kwa hiyo ukiwa chini kwa 8 ni asilimia moja na zaidi, siyo nyingi ukitazama lita moja lakini we unajaza mwaka mzima, na hizo tairi mbili unazokwenda kununua sasa hivi ni hasara kubwa kuliko hayo mafuta.

SWALI: Na spea je? Yangu ni ile nyembamba, sijawahi kuigusa tangu ninunue gari.

JIBU: Igeuze leo uangalie imeandikwa nini, zile nyembamba nyingi zinataka psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na zinapungua zikiwa zimelala tu buti kama tairi zingine. Ukiiacha miaka mitatu siku ya pancha utaikuta nayo imelala, usiku, barabarani, na watoto ndani ya gari. Ipime kila unapopima zile nne, na spea ikiwa ya saizi kamili ijaze kiwango cha juu kati ya mbele na nyuma, ukija kuifunga mbele utapunguza. Nyembamba mwisho wake kwa kawaida ni 80 kwa saa, imeandikwa ubavuni, na ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Wakati uko hapo buti angalia pia kama jeki na spana ya magurudumu vipo, barua mbili za wiki hii zimeandikwa na watu waliokuwa na spea nzima iliyojaa vizuri lakini hawakuwa na spana.